SUALA LA PALESTINA: TULIJUE KWA ELIMU, TULIZUNGUMZE KWA UADILIFU

(Somo la Tarekh kwa wanafunzi wa madarasa ya juu na wazazi)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. 

UTANGULIZI

Pengine hakuna nchi ya mbali inayotajwa katika dua zetu za Ijumaa kama Palestina. Ukipita stendi ya Msamvu utaona daladala lenye bendera ya Palestina kwenye kioo cha nyuma, na hatua chache mbele utaona bodaboda yenye bendera ya Israel. Shuleni, mwanafunzi wa Kiislamu na mwenzake wa Kikristo hubishana juu ya jambo hili mpaka wakafikia kutosalimiana. Lakini ukiwauliza wote wawili Azimio la Balfour lilitolewa mwaka gani, au Tanzania ilivunja lini uhusiano wake na Israel na kwa sababu gani, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Ubishi usio na elimu hauwasaidii Wapalestina hata kidogo, na sisi unatuharibia ujirani. Katika somo hili tutajifunza:

(i) Historia ya suala la Palestina ilivyofungamana na historia ya nchi yetu.
(ii) Msimamo wa Tanzania tangu uhuru.
(iii) Mitazamo inayotofautiana kuhusu dola ya Palestina, na hoja za kila upande.
(iv) Adabu za Muislamu anapolizungumza jambo hili.

1. NAFASI YA BAYTUL MAQDIS KATIKA UISLAMU

Hili mnalijua tangu madarasa ya chini, hivyo hatutalirefusha. Masjidul Aqsa ndipo Mtume (S.A.W) alipofikishwa usiku wa Israa (17:1). Waislamu walielekea huko katika swala kwa muda wa miezi 16 au 17 baada ya Hijra, kabla Qibla hakijageuzwa kuwa Al-Kaaba (2:144). Baytul Maqdis ilipofunguliwa zama za Khalifa Umar (R.A), Wakristo waliachiwa makanisa yao na wakapewa amani juu ya nafsi zao na mali zao.

Kwa hiyo mapenzi ya Muislamu kwa ardhi ile ni sehemu ya dini yake. Lakini mgogoro tunaousikia leo kwenye redio haukuanza na Qibla wala na Umar (R.A). Ulianza na siasa za karne ya 20, na kwa bahati sisi Watanzania tuna njia ya karibu sana ya kuuelewa.

2. TANGANYIKA NA PALESTINA: NCHI MBILI, MDHAMINI MMOJA

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani na Palestina ilikuwa chini ya Dola ya Uthmaniya. Wajerumani na Waturuki walipigana upande mmoja na wakashindwa. Makoloni na majimbo yao yakagawanywa na washindi kwa jina la Shirikisho la Mataifa. Mwezi Julai 1922, ndani ya wiki moja, Shirikisho hilo liliidhinisha Uingereza iitawale Tanganyika na pia iitawale Palestina, zote mbili zikiwa nchi za udhamini. Maana ya udhamini ni kuwa mtawala hamiliki nchi ile, bali ameaminiwa kuwalea wenyeji mpaka wajitawale.

Sasa zingatieni jambo hili. Nchi za udhamini ziliwekwa katika madaraja. Palestina iliwekwa daraja la kwanza, la nchi zilizohesabiwa kuwa karibu na uhuru. Tanganyika iliwekwa daraja la pili, la nchi zilizodhaniwa kuwa bado sana. Leo aliyekuwa daraja la pili ana bendera, wimbo wa taifa na kiti Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1961. Aliyekuwa daraja la kwanza bado anatafuta. Kulitokea nini?

Tarehe 2 Novemba 1917, kabla hata vita havijaisha, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Arthur Balfour, alitoa barua ya kuahidi kuunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi ndani ya Palestina. Barua ilisema haki za kiraia na za kidini za wakazi wengine zisidhuriwe. Haki yao ya kujitawala haikutajwa. Ahadi hiyo ikaingizwa katika hati ya udhamini ya mwaka 1922. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka huo huo, Wayahudi walikuwa takriban asilimia 11 ya watu wa Palestina. Ina maana kuwa mdhamini alikuwa na ahadi kwa watu wawili juu ya nchi moja, na wengi wao hawakuulizwa.

Wazee wetu wa Uluguru wanaelewa uchungu wa namna hii bila kufundishwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta milimani. Huenda nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo, lakini wenye ardhi hawakushirikishwa, na mwaka 1955 kukazuka machafuko Matombo. Hayo yalikuwa matuta tu. Mluguru alibaki katika ardhi ya ukoo wake. Fikirini ingekuwaje lau angeambiwa ahame.

3. KUMBE ILIKUWA IWE AFRIKA MASHARIKI?

Wengi hawajui kuwa mwaka 1903 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Kizayuni, pendekezo la kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki. Wayahudi wa Urusi wakati huo walikuwa wakiuawa na kuporwa, na walihitaji pa kukimbilia. Historia huuita Mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, pande za Eldoret, ambao sasa uko Kenya. Herzl alilipeleka pendekezo kwenye mkutano wao mjini Basel, Uswisi, Agosti 1903. Watu wakatumwa kuikagua ardhi, na mwaka 1905 mkutano uliofuata ukalikataa.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, dhiki ya Wayahudi wa Ulaya ilikuwa ya kweli, na baadaye ilifikia kilele pale utawala wa Hitler ulipowaua Wayahudi wapatao milioni 6. Asiyejua hili hatafahamu kwa nini Wayahudi wengi wanaing'ang'ania Israel kama mtu anayeshika gogo baharini. Pili, mtoaji wa ardhi alikuwa yule yule. Wanandi na Wamasai hawakuulizwa kuhusu Uasin Gishu, kama ambavyo Wapalestina hawakuulizwa kuhusu Palestina. Dhulma iliyotendwa Ulaya ililipwa kwa ardhi ya watu ambao hawakuitenda.

4. MIAKA YA KUKUMBUKWA

1947: Tarehe 29 Novemba Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuigawa Palestina kuwa dola mbili, kwa kura 33 dhidi ya 13. Wayahudi, waliokuwa theluthi moja ya wakazi, walipangiwa zaidi ya nusu ya ardhi. Viongozi wa Kiyahudi walikubali, Waarabu walikataa.

1948: Israel ilitangazwa tarehe 14 Mei, na vita vikapamba moto. Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao. Wao huliita tukio hilo Nakba, yaani maafa. Vita vilipokwisha Israel ilikuwa na asilimia 78 ya ardhi.

1967: Katika vita vya siku sita vya mwezi Juni, Israel iliteka sehemu iliyobaki, yaani Ukingo wa Magharibi, Jerusalem ya Mashariki na Gaza.

1988: Tarehe 15 Novemba, mjini Algiers, viongozi wa PLO walitangaza dola ya Palestina. Wakawa wamekubali kudai asilimia 22 tu ya ardhi ya asili.

1993: Israel na PLO zilitiliana saini mapatano ya Oslo. Dola haikupatikana, na makazi ya walowezi yakaendelea kujengwa.

5. MSIMAMO WA TANZANIA

Baada ya uhuru, nchi yetu ilikuwa na urafiki na Israel. Wataalamu wao walisaidia katika ushirika, kilimo na mafunzo ya vijana. Kwa hiyo si kweli kuwa Tanzania iliichukia Israel tangu mwanzo.

Vita vya 1967 vilibadili mambo. Oktoba mwaka huo, kwenye mkutano wa TANU Mwanza, Mwalimu Nyerere alieleza msimamo kwa uwazi. Kwa ufupi alisema kuwa kuundwa kwa Israel kulikuwa uchokozi dhidi ya Waarabu, lakini kwa kuwa mataifa yameshaitambua, kuwepo kwake kukubaliwe. Hata hivyo, kushinda vita hakumpi mtu haki ya kutawala ardhi na watu wa wengine. Angalieni mizani hiyo, ndugu zangu. Hakutaka Israel ifutwe, na hakukubali Wapalestina watawaliwe.

Oktoba 1973, wakati wa vita vya mwezi wa Ramadhani, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel pamoja na nchi nyingi za Afrika. PLO ikafungua ofisi Dar es Salaam katika miaka hiyo ya 1970. Julai 1980, kikao maalum cha dharura cha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuhusu Palestina kiliongozwa na Mtanzania, Dk. Salim Ahmed Salim. Novemba 1988, siku chache baada ya tangazo la Algiers, Tanzania iliitambua dola ya Palestina.

Baada ya Oslo, uhusiano na Israel ulirudishwa mwaka 1995, na Mei 2018 Tanzania ikafungua ubalozi Tel Aviv. Kuitambua Palestina hakukufutwa. Novemba 2012 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 138 zilizoipigia Palestina kura ya kuwa dola mtazamaji katika Umoja wa Mataifa. Wapo wanaouona msimamo huu kuwa wa busara, kuzungumza na pande zote. Wapo wanaouona kuwa ni kulegea kutoka pale alipotuacha Mwalimu. Mwanafunzi aweze kueleza hoja zote mbili.

Nasi wa Morogoro tuna sababu ya ziada ya kulijua hili. Mji wetu ulikuwa makao ya wapigania uhuru. ANC ya Afrika Kusini ilifanya mkutano wake mkubwa hapa mwaka 1969, na baadaye wakajenga shule yao Mazimbu, ambayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Afrika Kusini ndiyo iliyoishtaki Israel mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 29 Desemba 2023.

6. MITAZAMO INAYOTOFAUTIANA

(a) Dola mbili. Huu ndio mtazamo wa Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika, PLO na Tanzania: Israel na Palestina ziishi jirani kwa mipaka ya 1967. Septemba 2025 Uingereza, Kanada, Australia na Ufaransa ziliitambua Palestina, na idadi ya nchi zinazoitambua ikafika 157 kati ya wanachama 193. Hoja yake ni kuwa kila taifa lipate pake. Swali linaloukabili: walowezi wapatao laki saba wanaoishi Ukingo wa Magharibi na Jerusalem ya Mashariki watawekwa wapi?

(b) Dola moja ya raia walio sawa. Wapo Wapalestina, Wayahudi na wasomi wengine wanaosema ardhi imeshachanganyika kiasi kwamba dawa ni nchi moja, kila mtu kura moja, kama ilivyokuwa Afrika Kusini. Profesa Mahmood Mamdani wa Uganda, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika katika mwelekeo huo. Swali: je, watu waliouana kiasi hiki watakubali kuishi chini ya serikali moja?

(c) Wanaokataa dola ya Palestina. Tarehe 18 Julai 2024 Bunge la Israel lilipitisha azimio la kuikataa kwa kura 68 dhidi ya 9. Hoja yao kubwa ni usalama. Wanasema Israel iliondoa walowezi na askari wake ndani ya Gaza mwaka 2005, Hamas ikaidhibiti mwaka 2007, na mwisho wake ni mashambulizi ya 7 Oktoba 2023. Swali: mamilioni ya Wapalestina wasio na dola yao wala uraia wa Israel wataishi hivyo mpaka lini?

(d) Wanaodai Palestina yote. Hamas iliasisiwa kwa msimamo huu. Waraka wake wa mwaka 2017 ulikubali dola katika mipaka ya 1967 kama jambo la maafikiano, bila kuitambua Israel. Hoja yao ni kuwa haki haipungui kwa kupita miaka. Swali: Wayahudi wapatao milioni 7 walioko pale, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapo, waende wapi? Na je, kuua na kuteka raia kunakubalika katika sheria yetu?

Tofauti hizi zimeonekana hata kati ya majaji wa Afrika Mashariki. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa amri za muda katika kesi ya Afrika Kusini. Jaji Abdulqawi Yusuf wa Somalia alikuwa pamoja na wengi. Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alizipinga amri zote, akiona kuwa mgogoro huu ni wa kisiasa zaidi na kuwa nia ya kuangamiza haikuonyeshwa. Serikali ya Uganda ikasema kuwa rai yake si msimamo wa nchi. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama hiyo hiyo ikatoa rai kuwa Israel kuendelea kuwepo katika maeneo iliyoyateka ni kinyume cha sheria, na majaji hao wawili wakatofautiana tena.

7. JE, HII NI VITA YA WAISLAMU NA WAKRISTO?

Hapana. Wapalestina Wakristo wapo, na Bethlehemu kwenyewe kuko Ukingo wa Magharibi. Oktoba 2023 shambulizi la Israel liliangusha jengo ndani ya eneo la kanisa la Mtakatifu Porfirio mjini Gaza, na waliokimbilia humo wakauawa. Vatikani ilitia saini mkataba na dola ya Palestina mwaka 2015. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki. Kwa hiyo jirani yako Mkristo wa Mgeta au Matombo si adui yako katika suala hili, na huenda akawa mwenzako ukimweleza kwa upole.

Vile vile Mayahudi wote si kitu kimoja. Wamo Waisraeli wanaopinga ukaliaji wa ardhi ya Wapalestina. Bi Safiyya (R.A), mama wa waumini, alitoka katika ukoo wa Kiyahudi. Kuwatukana Mayahudi kwa ujumla wao ni jambo ambalo dini haikutufundisha.

8. MSIBA ULIOFIKA MPAKA MOROGORO

Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao waliingia Israel, wakaua watu wapatao 1,200 na kuteka 251. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wamefika Israel mwezi mmoja tu kabla, kwa mafunzo ya kilimo. Mmoja wao alisoma hapa hapa mjini kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine. Mwili wa mwenzake ulibaki Gaza zaidi ya miaka miwili, mpaka uliporudishwa Novemba 2025.

Vita vilivyofuata viliua Wapalestina zaidi ya 67,000 kufikia usitishaji wa mapigano wa Oktoba 2025, kwa hesabu za Wizara ya Afya ya Gaza. Maelfu kwa maelfu walikuwa watoto wa umri wenu. Wengine walikufa kwa njaa huku malori ya chakula yakiwa mpakani.

Hapa ndipo uadilifu wetu unapopimwa. Mtume (S.A.W) alikataza kuua wanawake na watoto vitani, na hakusema wa upande gani. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa lilipita jeneza akasimama, akaambiwa ni la Yahudi, naye akauliza iwapo huyo si nafsi. Ikiwa tunamlilia mtoto wa Gaza na hatuna hata neno la pole kwa mama wa Kitanzania aliyempeleka mwanawe kujifunza kilimo akarudishiwa jeneza, basi tunachokililia si haki, ni upande. Na anayemlilia kijana yule, kisha akaona watu 67,000 ni sawa wafe, naye ana maradhi hayo hayo.

9. ADABU ZA KULIZUNGUMZA SUALA HILI

(i) Kuhakikisha habari. Suratul Hujurat (49:6) inatuamuru tuchunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Picha nyingi zinazosambazwa kwenye simu ni za vita vingine na miaka mingine. Usitume usichokijua.

(ii) Uadilifu hata kwa unayemchukia. Suratul Maida (5:8) inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki. Eleza hoja ya mwenzako kwa namna ambayo yeye mwenyewe atasema, "ndiyo, hivyo ndivyo nisemavyo," kisha ndipo umjibu.

(iii) Wema kwa wasiotupiga vita. Suratul Mumtahina (60:8) haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu. Katika koo zetu za Kiluguru, baba mdogo anaweza kuwa katekista na shangazi akawa mwalimu wa madrasa. Msiruhusu ubishi wa kijiweni uvunje undugu huo.

(iv) Kutenda kinachowezekana. Dua, sadaka kupitia njia zinazoaminika, na kusoma kwa bidii. Palestina inahitaji wanasheria, madaktari, waandishi na wanadiplomasia. Dk. Salim hakukiongoza kile kikao kwa kupiga kelele barazani.

HITIMISHO

Wanafunzi wapenzi, tumeona kuwa Tanganyika na Palestina zilikabidhiwa kwa mdhamini mmoja katika wiki moja. Sisi tulipewa tulichoahidiwa, wao walipewa ahadi iliyogongana na nyingine. Nchi yetu, ikiongozwa na Mkristo na ikiwakilishwa na Muislamu, ilisimama na Wapalestina kwa hoja ya haki, si kwa hoja ya dini peke yake. Huo ni urithi wetu. Tuushike kwa elimu, kwani aliye na hoja hahitaji matusi.

Tunamuomba Allah (S.W) awaondolee dhiki waliodhulumiwa Palestina, awape subira wafiwa wote, wa huko na wa hapa kwetu, na atujaalie tuwe wenye kusimamia uadilifu. Amin.

ZOEZI

1. Palestina na Tanganyika zilifanana nini mwaka 1922, na zilitofautiana nini?
2. Eleza kwa nini Mpango wa Uganda wa 1903 una mafunzo kwa watu wa Afrika Mashariki.
3. Eleza mizani iliyomo katika msimamo wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967.
4. Chagua mtazamo mmoja kati ya minne usiokubaliana nao. Andika hoja yake kwa uadilifu katika ukurasa mmoja, kisha andika jibu lako.
5. Zungumza na wazazi wako nyumbani: wanakumbuka nini kuhusu wapigania uhuru wa Mazimbu? Andika majibu yao na uyalete darasani.